Mashini Inayoamka Saa Sita

Sisimizi ndio waliotangulia kujua. Mélanie aliwaona Jumatatu asubuhi alipokuwa akifagia: mstari mwembamba uliotoka chini ya mlango wa jikoni, ukafuata ukuta, ukapanda mguu wa chuma wa mashini ya kushona ya mama yake, ukaingia katika tundu dogo la juu, lile la kutilia mafuta. Waliokuwa wakishuka walitembea polepole kuliko waliokuwa wakipanda, kama watu wanaotoka karamuni.

Aliegemeza ufagio. Akapitisha kidole kwenye tundu, akakinusa. Kilinukia sombe, majani ya muhogo yaliyoungwa kwa mawese.

Mélanie hakuwa mtu wa kusema. Shule aliiacha darasa la tano, na tangu hapo aliona kwamba maneno mengi ya nyumbani yanasemwa na wengine bila msaada wake. Mgeni akipiga hodi, yeye alipotelea jikoni. Basi alikifuta kidole kwenye kikwembe chake, akawafagia sisimizi hadi uani, na aliporudi akakuta wengine wameshashika nafasi zao.

Nyumba yao iko Kasha, pembeni mwa mji wa Bukavu, mahali ambapo njia inateremka kwa ghafla hata mvua ikinyesha watu wanashuka wameshikana. Umeme huko huja unapotaka. Ndiyo maana mashini ya Maman Virginie, mama yake Mélanie, iliheshimiwa: haikuomba umeme, iliomba mguu tu. Ilikuwa nyeusi, na maua yake ya dhahabu yalikuwa yamefutika pale mkono unapolala. Aliirithi kwa mama yake, na mama yake alipewa na masista wa misheni, ikiwa tayari ni kuukuu.

Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, wamama wa parokia walikuwa wamempa Maman Virginie kazi ya kanzu nyeupe zote za watoto wa komunyo ya kwanza. Miaka yote kazi hiyo ilikwenda Nguba, upande mwingine wa mji, kwa fundi Jean-Marie, mwenye mashini za umeme na kibao kilichopakwa rangi mlangoni. Walimwambia bila kuzunguka: kanzu zikitoka safi, kazi itakuwa yake kila mwaka. Zikitoka vibaya, itarudi Nguba na jina lake litarudi pamoja nayo, likiwa limeharibika.

Papa Patrice, baba wa Mélanie, alikuwa ameombwa jambo moja tu. Jumamosi aende soko la Kadutu kuleta mafuta ya mashini. Jumapili, wanawake wakiwa misani, aisafishe mashini na kuitia mafuta, ili kazi ianze Jumatatu. Kazi hiyo aliifanya yeye kila mwaka. Zamani aliwahi kuwa msaidizi wa dereva wa lori katika barabara ya Uvira, na tangu hapo kila kitu chenye skrubu ndani ya nyumba kilikuwa chake.

Alifika Kadutu. Kabla ya kuwafikia wauza mafuta, alimkuta rafiki yake Gaston mbele ya ubao wa dama, amepanga vifuniko vya chupa, anatafuta mtu wa kumpiga. Papa Patrice alikaa mara moja tu. Akashinda. Mtu aliyeshinda hainuki. Kasiksi, pombe ya ndizi, ikaletwa, mvua ikaja, na alipokumbuka mafuta wauzaji walikuwa wameshafunga. Nyumbani alimwambia mke wake kwamba mafuta yapo.

Jumapili, nyumba ikiwa tupu, aliingia jikoni na kufikiri. Mafuta ni mafuta. Watu wanakula mawese maisha yao yote na magoti yao yanakunjika vizuri. Aliyachuja mawese kwa leso yake mwenyewe, na huko kuchuja alikuona kuwa uangalifu mkubwa. Akayatia katika kikopo chenye mdomo mrefu, akamimina katika kila tundu hadi likafurika, akafuta nje mpaka mashini ikang'aa. Jua la saa sita lilikuwa juu ya mabati. Alizungusha gurudumu, nalo likateleza kama halina uzito. Aliridhika, akalala.

Lakini Bukavu si saa sita siku nzima. Jioni baridi hupanda kutoka ziwani, na mawese huganda ndani ya chupa, mazito kama siagi. Ndani ya mashini vilevile.

* * *

Jumatatu asubuhi Maman Virginie alikaa, akaweka mguu kwenye pedali, na pedali ikakataa. Aliisukuma kwa miguu miwili. Sindano ilishuka nusu, ikabaki hapo kama mtu aliyesahau alichofuata. Hadi jua lilipopanda na mabati kuanza kulia, ndipo mashini ilipojinyoosha na kushona. Jioni ikalala tena. Siku iliyofuata hali ikawa ileile.

"Imekuwa fonctionnaire, mutu wa biro ya serikali," alisema Koko M'Cirhuza, mama mzazi wa Papa Patrice, aliyeshinda kwenye mkeka karibu na mlango ili asipitwe na kitu. "Inafika ku kazi saa sita."

Papa Patrice alisema ni baridi ya ziwa. Mashini za zamani zina mifupa, alieleza, na mifupa inasikia baridi. Jioni ile alivua koti lake na kuifunika mashini, akaipigapiga mgongoni. Koko aliuliza kama mashini hiyo ndiyo iliyomzaa, kwa sababu yeye, aliyemzaa, blanketi lake lilikuwa na tundu la kupitisha mbuzi.

Maman Virginie alikuwa amejua tangu asubuhi ya kwanza, alipoinama kuangalia chini ya sindano na harufu ya chakula cha mchana ikampiga puani. Alimtazama bwana wake, na bwana wake akatazama dari. Angeweza kusema palepale. Lakini alimjua. Ukimshika mtu huyo na kosa mkononi, atabishana nalo mpaka liwe lako. Alitaka alitamke bwana mwenyewe. Akangoja.

Tatizo ni kwamba mawese hayakungoja. Mchana wa siku ya tatu, mashini ikiwa imepata moto, Maman alikuwa akimalizia mkono wa kanzu, na tone likateremka na sindano. Lilikuwa la rangi ya chungwa. Lilianguka juu ya kitambaa cheupe, likatulia, kisha likaanza kujitanua.

Na katika saa hiyohiyo Maman Rosette akapiga hodi. Yeye ndiye mkubwa wa wamama wa parokia, mwanamke mwenye sauti ya kufika mtaa wa pili, na aliingia kabla ya kukaribishwa. Mélanie alipotelea jikoni. Kupitia upenyo wa pazia alimwona mgeni akiinua kanzu kwa vidole viwili.

"Maman Virginie, hii kanzu iko ya kupokelea ostia, ao iko ya kulia sombe?"

Maman Virginie alisema ni ajali, atafua kwa sabuni na limau. Maman Rosette alipeleka kitambaa puani, akakishusha. Aliuliza, kwa upole uliouma kuliko kelele, kama ni kweli kuna mafundi wanaokula huku wakishona nguo za watoto wa Mungu.

Papa Patrice alikuwa kwenye kiti chake, akitafuta kitu ndani ya kiatu. Maman Virginie alimngoja. Kiatu kilikuwa na mambo mengi. Kusema mbele ya mgeni kungekuwa kumvua bwana wake nguo katikati ya sebule, na yeye hakulelewa hivyo. Basi aliinamisha kichwa, akakubali kuonekana mchafu.

Maman Rosette alitoa sharti. Jumamosi atarudi asubuhi, saa watu wa kazi wanapofanya kazi. Akiikuta mashini imelala, vitambaa vyote vitakwenda Nguba siku hiyohiyo.

* * *

Jioni, wakila, Maman Virginie alisema kwamba amefikiri sana. Mashini inayokataa asubuhi na kukubali mchana si jambo la kawaida. Labda mtu ameifunga kwa uchawi. Kesho atamwita Firmin wa kikundi cha maombi aje kuiombea, na Firmin ana desturi yake: kila mtu wa nyumba anaweka mkono juu ya kitu chenye shida, anasema kwa sauti alichokifanya, na yule anayeficha kosa, mkono wake unatetemeka.

Koko alisema ni wazo zuri. Alisema hata majirani waitwe, waone.

Papa Patrice aliacha kutafuna. Alisema Firmin ni mtu wa Mungu lakini hajui mekanike. Kumsumbua kwa kitu cha skrubu ni dhambi. Aachiwe yeye mashini, aifungue hadi tumboni, na kama hatapata shida yenyewe, basi Firmin aje.

"Utaifungua kesho?" Maman Virginie aliuliza.

"Kesho asubuhi."

"Yote?"

"Maman, yote."

Mélanie aliinamia sahani yake ili asionekane anacheka. Firmin alikuwa Uvira tangu wiki iliyopita, kwenye harusi ya dada yake, na nyumba nzima ilijua isipokuwa Papa.

Kesho yake kazi ilifanyiwa uani, juu ya mkeka. Papa Patrice alikilaza kichwa cha mashini ubavuni, akatoa sahani ndogo ya chuma iliyo chini ya sindano. Chini ya yale meno yanayosukuma kitambaa, vumbi la pamba na mawese vilikuwa vimeshikana vikawa kitu kama mkate, na ndani ya mkate huo sisimizi walikuwa wamekufa kwa wingi, wote wakiwa wameshiba.

Kulikuwa na kopo la petroli, mswaki wa zamani, unyoya wa kuku na matambara. Papa alitia petroli katika kila tundu kwa unyoya, Mélanie akazungusha gurudumu, uchafu ukatoka wa kahawia na mwekundu, wakaufuta, wakaanza upya. Maman Virginie alikaa kwenye kizingiti na kanzu mapajani, akishona pindo kwa mkono, na hakuacha tundu lolote lisahaulike.

"Na kale kengine, ka nyuma? Huyu mutu mwenye alitia uchafu alitia na mule."

"Mutu gani?" Papa aliuliza haraka.

"Miye najua? Tutaulizia Firmin."

Papa aliingiza unyoya katika katundu ka nyuma. Masikio yake yalikuwa yanatoka jasho, ingawa jua lilikuwa bado kijana.

Koko alivuta pumzi ndefu kutoka mkekani. "Patrice, mafuta ya mashini ya siku hizi inanukia muzuri. Inanitia njaa."

"Bazungu balibadilishaka, maman."

"Asante yao. Sasa waongeze na chumvi."

Papa alizipanga skrubu kwenye sahani ya bati, na sahani ya bati ikang'aa, na kuku wa nyumba akaja kuangalia. Alidonoa mara moja. Papa Patrice alihesabu, akahesabu tena, akaruka. Moja haikuwepo, ndogo, ile inayoshika sindano. Kuku alikimbia kuelekea mteremko na Papa akamfuata, kiatu kimoja mguuni, akimwita mwizi. Majirani walitoka. Mmoja aliuliza kama ni sikukuu. Papa alimkamata kwenye mifereji ya chini, akarudi naye kifuani, wote wawili wakihema, na akaomba kisu.

Hapo Koko alinyanyua mguu wake. Skrubu ilikuwa chini ya kisigino.

"Kumbe iko hapa," alisema. "Muzee akikaa mahali pamoja hajui nini iko chini yake."

Maman Virginie ilimbidi aingie ndani. Mélanie alimkuta jikoni, ameshika meza, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka kwa kicheko ambacho hakikuwa na sauti. Kisha alijifuta kwa pindo la kikwembe. Alisimama kidogo akiangalia dirishani, uso ukiwa umebadilika, na akasema kama anajiambia mwenyewe kwamba bwana wake angeweza kukimbiza kuku wote wa Kasha kabla ya kusema neno moja.

* * *

Mashini ikawa safi. Chuma kilionekana rangi yake. Lakini chuma kilichooshwa kwa petroli kinakauka, na kikikauka kinajila, na mafuta ya kweli hayakuwepo. Maman Virginie alimtuma bwana wake Kadutu. Safari hii hakumtuma peke yake. Alisema Koko ana haja ya kunyoosha miguu.

Basi mtu mzima, baba wa nyumba, aliyewahi kuvuka milima ya Uvira juu ya mizigo ya lori, alipita katikati ya soko la Kadutu mama yake akiwa amemshika kiwiko. Gaston alimwona kutoka mbali, akainua vifuniko vya chupa kumsalimu.

"Papa Patrice, unaenda wapi hivyo?"

"Niko napeleka maman ku soko."

"Uongo," alisema Koko bila kupunguza mwendo. "Miye njo niko namupeleka."

Watu wa dama walicheka hadi ubao ukapinduka. Papa Patrice aliyanunua mafuta, chupa ndogo, meupe kama maji, na njia yote ya kurudi aliishika mkononi, si mfukoni, ili kila mtu aone kwamba safari hii ameifikisha. Alitia tone moja moja, kwa adabu. Usiku ulipita baridi. Asubuhi, kabla wengine hawajaamka, alizungusha gurudumu kwa kidole kimoja. Lilizunguka. Akakaa pale chini karibu na pedali, akafunika uso kwa mikono, na kwa muda mfupi alitaka kumwamsha mke wake na kumwambia yote. Kisha akasikia Koko akikohoa, na hamu hiyo ikapita. Akaenda kutafuta shati safi.

* * *

Jumamosi ukungu ulikuwa bado umekaa juu ya Kasha wakati Maman Rosette alipofika na mwavuli wake. Hakukaa. Alisema aione mashini ikifanya kazi.

Maman Virginie aliweka mguu. Mashini ilianza palepale, sauti yake nyembamba na sawa, na mshono ukatoka umenyooka katika kitambaa cheupe hadi mwisho. Maman Rosette aliukagua juu na chini. Hakukuwa na doa. Akauliza nani ameitengeneza.

"Ni miye," alisema Papa Patrice. Alikuwa amesimama kando ya mashini, bisibisi mfukoni mwa shati kama kalamu ya mwalimu.

Maman Rosette alimsifu. Alisema wanaume wa namna hiyo hawapatikani tena, wengine wanajua tu dama na kasiksi. Papa Patrice alipokea sifa hizo kwa kutikisa kichwa, na kwa vile zilikuwa tamu aliongeza nyingine mwenyewe. Alieleza kwamba mashini ni kama motere ya lori, inaomba mutu mwenye anaisikia. Yeye aliisikia. Aliona mara moja kwamba ndani mna uchafu.

"Uchafu," alirudia Maman Rosette, na akamgeukia Maman Virginie. "Hata bwana yako ameuona."

Akasema basi kile alichokuja nacho. Mashini imepona, ni kweli, na papa ashukuriwe. Lakini mashini haili sombe, anayekula ni mtu. Wazazi wameshasikia habari ya lile doa, wanauliza mikono iliyokula juu ya kanzu ya mtoto mmoja itashonaje za wengine. Yeye mwenyewe hana ubaya na Maman Virginie, kila mtu ana tabia za nyumbani kwake. Ila vitambaa afadhali viende Nguba. Alianza kuvikusanya, zile kanzu zilizokwisha na zile ambazo hazijakatwa, akazifunga katika shuka moja kubwa, akamwomba Papa Patrice amsaidie kujitwisha.

Na Papa Patrice akainama. Labda ni adabu tu, labda hakujua mikono yake ifanye nini. Aliingiza mikono chini ya mzigo.

Maman Virginie alikuwa ameshika gurudumu, akilizuia lisizunguke, na alimtazama bwana wake kwa muda mrefu kama mtu anayesimama njiani akingoja gari ambalo anajua limeshapita.

Mélanie alikuwa mlangoni mwa jikoni na termosi ya chai ya mgeni. Alikuwa ameileta hadi pazia, na hapo ndipo alipokuwa akisimama siku zote.

"Ni mawese," alisema.

Maman Rosette aligeuka huku na huku, maana sauti hiyo hakuwahi kuisikia katika nyumba ile. Alimtafuta aliyesema hadi akamwona.

"Ilitoka mu mashini, maman," Mélanie aliendelea, akiiambia termosi. "Haikutoka mu kinywa ya Maman."

"Na mu mashini iliingia na miguu yake?" Maman Rosette aliuliza. Mzigo ulikuwa nusu juu, nusu chini, mikononi mwa Papa Patrice. "Niambie vizuri, mutoto. Kama haikutoka kwa mama yako, hivi vitambaa vinabaki hapa, na miye mwenyewe nitazungukia bazazi ba batoto kuwaambia. Lakini niambie ni nani."

Koko alikuwa ameketi wima kwenye mkeka, macho yanamng'aa kama ya msichana. Maman Virginie alimtikisia binti yake kichwa kidogo, usiseme, kisha kichwa hicho kikasimama chenyewe katikati. Papa Patrice alikuwa bado ameinama, na bisibisi iliteleza ikatoka mfukoni, ikaanguka sakafuni.

"Ni Papa," alisema Mélanie. "Maman hakulaka ku mashini hata siku moja. Papa njo alitia mawese, na sisi wote tulikuwa tunajua."